Mstari wa Mjomba

Bodi imenipa asilimia arobaini na mbili.
Niliisoma kwenye simu ya Fadhili wa duka la salfa
mara tatu, nikidhani ufa wa kioo chake
umemeza tarakimu nyingine pembeni.
Haukumeza.

Iliyobaki niliiandika kwa mkaa ukutani, juu ya mtungi.
Mama akaifunika kwa kanga,
wageni wasije wakalisoma deni
kabla hatujapata wa kutukopesha.

Ndipo zikaanza barua.
Ya kwanza kwa halmashauri:
*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.*
Ya pili kwa mfuko mmoja wa Mtwara mjini
unaotaka shida zangu kwa maneno mia tatu,
zisizidi.
Nikahesabu.
*Baba alifariki nikiwa darasa la pili, hana cheti*:
baba amekula manane.
Ubwiriunga wa mwaka juzi, arobaini na moja.
Maji ya kununua, ndoo kwa ndoo, kumi na tisa.
Uraka wa mama sikuuandika.
Mwenyewe alisema, akikamua:
"Weka *biashara ndogondogo*.
Mabibo hayana leseni."

Mtendaji wa kijiji aliupuliza muhuri kama uji wa moto,
akauliza kama najua kuwa wino nao hununuliwa.
Nilijua.
Nilikuwa nayo elfu mbili, ndani ya soksi.

Fomu ya mfuko ina mstari wa baba,
mstari wa mama,
mstari wa mlezi, kama yupo.
Aliyeitunga hajawahi kulala Newala.
Huku mlezi ni mtu wa dharura,
mjomba ndiye mwenye mtoto.
Sare yangu ya kwanza, Mjomba Nantanga.
Posa ya kwanza kurudishwa na sahani yake, Mjomba Nantanga:
"Huyu haendi kwa mtu mpaka amalize pizikia,"
na hadi leo anaamini pizikia
ni elimu ya mifupa.

Nikachukua rula.
Nikachora mstari mwingine chini ya ule wa mlezi,
nikaandika kwa herufi kubwa: MJOMBA.

Akaja na dole gumba lake.
Akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi,
likatoka doa.
Doa tupu, duara, kama tundu.
Tukarudia. Doa.
Miaka ishirini ya kubangua korosho,
mafuta ya maganda yamemla alama zote
alizozaliwa nazo.
Mtu mwenye mstari wake kwenye fomu
hana mstari kidoleni.
"Watajua ni mimi?" akauliza.
Nikaandika pembeni, kwa kalamu ileile:
*Ndiye.*
Likawa neno la mia tatu na moja.

Mfuko haujajibu.

Jumamosi, baada ya mnada, wakulima walikaa ghalani
juu ya magunia matupu ya chama cha msingi.
Katibu alisoma barua yangu ya tatu
kwa sauti anayosomea bei.
Mmoja akasema tukatwe shilingi tano kwa kilo.
Mwingine akasema hata hizo salfa hatujalipa.
Ikapita shilingi tatu.
Mama aliinama, akawa anafunga upya
mtandio ambao haukufunguka.

Halafu akasimama Somoe Malyunga,
mwenye mikorosho kumi na miwili, miwili haizai.
"Tatu zangu chukueni.
Ila wa kwangu yuko kidato cha tano.
Mwakani mtakuwepo?"
Katibu alifunga daftari.
Watu walianza kutafuta ndala zao.

Mimi mkobani nilikuwa na karatasi moja safi,
ya akiba, kama ningekosea.
Nikamfuata nje, nikaweka karatasi juu ya mzani.
"Nitajie jina lake kamili, kama lilivyo kwenye cheti."
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Cheti kipi, mwanangu?"

Tukaanzia hapo.